Alipanda Pekupeku

Dar es Salaam
14 Januari 1952

Kwa dada yangu mpenzi Mwanvita binti Mwinyimvua,

Shikamoo. Ama baada ya salamu, nakuarifu kwamba shemeji Majaliwa amefika salama. Ameshuka kwenye basi na kikapu cha maembe uliyompa, na kamba yake ya kukwelea minazi ameivaa shingoni kama shali. Nikampeleka moja kwa moja kwa Bwana Mkubwa wa kampuni. Bwana Mkubwa akaniuliza, "Huyu ndiye?" Nikasema ndiye. Majaliwa akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia, kisha akamwambia, "Bwana, wewe mrefu sana. Ungekuwa mnazi ningekukwea." Yule Mzungu alicheka mpaka akakohoa. Kazi akaipata hapo hapo.

Dada, wewe unajua nilivyoanza. Kule Burma nilikuwa nawachekesha askari wenzangu ili tusisikie mizinga. Niliporudi nikawa msemaji wa gari la sinema, nazunguka vijijini kuwaeleza watu picha za kilimo na za mbu. Sasa kampuni imenipa mchezo mzima niuongoze mwenyewe: nani asimame wapi, aseme nini, mashine ya picha ianze lini na ikome lini. Katika kampuni hii hajapewa Mwafrika kazi hii kabla yangu.

Mchezo wenyewe unaitwa Bwana Viatu. Mtu ametoka mjini na viatu vipya, amekwenda kwa wakwe zake kijijini kujionyesha. Kila anachojaribu kinamharibikia. Majaliwa ndiye Bwana Viatu. Hana haja ya kufundishwa. Akikaa kwenye kiti, watu wanacheka. Akiinuka, wanacheka tena.

Nakwambia wewe tu, usimwambie Mama: naogopa. Bwana Mkubwa anataka picha iishe kabla ya masika. Ikishindikana ataleta mtu wake kutoka Ulaya, na mimi nitarudi kukunja nyaya. Tena mwisho wa mchezo haujamchekesha. Ananiambia kila siku, "Rehani, nitafutie mwisho."

Mumeo anaandika hapa chini kwa mkono wake.

Nduguyo,
Rehani

MIMI NIPO NAKULA VIZURI. MAJALIWA

* * *

Bagamoyo
22 Januari 1952

Kwa mdogo wangu Rehani,

Marahaba. Barua imefika, tumeisoma mara tatu, na Mama kaichukua kaiweka chini ya mto wake. Anakuombea. Lakini kakuuliza swali, nami nakufikishia kama alivyosema: "Mtu mzima anajichekeshaje mbele ya mashine? Na ile picha yake ikishatolewa, inakaa wapi?" Nimemwambia inakaa kwenye mkebe. Hakupendezwa.

Majaliwa alipoondoka sikutaka kuwa na kinyongo. Hata hivyo mimba hii ina miezi sita, na wewe unajua zile mbili zilivyoniharibikia. Hii imefika mbali kuliko zote. Nahesabu siku kwa vidole. Mkunga kaniambia nisibebe maji, nisipande dari, nisipate hofu. Maji naletewa na jirani yangu Skolastika, yule mwalimu wa misheni. Hofu hakuna wa kunibebea.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Kila barua utakayoandika, Majaliwa atie neno kwa mkono wake, hata moja. Herufi zile nimemfundisha mimi, na hakuna mtu duniani anayeandika J kama yeye, imegeuka nyuma kama ndoana. Nikiiona nitalala.

Dadako,
Mwanvita

* * *

Dar es Salaam
8 Februari 1952

Kwa dada Mwanvita,

Shikamoo. Sisi wazima. Niwie radhi kwa ufupi, kazi ni nyingi.

Shemeji amekwenda bara na watu wa kampuni kupiga picha za barabarani, huko Vigwaza na Ubena. Aliondoka alfajiri kabla sijaandika barua hii, kwa hiyo hakuwahi kutia mkono wake. Huko hakuna posta ya kutegemewa. Usiwe na wasiwasi ukikaa bila kumsikia.

Mwisho wa mchezo umepatikana. Bwana Mkubwa ameridhika.

Jitunze sana, dada. Usibebe maji.

Rehani

* * *

Bagamoyo
25 Februari 1952

Rehani,

Marahaba. Nakuandikia nikiwa nimekaa kitako sakafuni, maana miguu imevimba.

Barua yako niliigeuza nyuma na mbele. Nikaiweka juani nione kama kuna kilichofutika. Halafu nikaisoma upya, nikaona hakuna mzaha hata mmoja. Wewe, Rehani, tangu uanze kusema hujawahi kukaa na habari bila kuitia mzaha. Hata barua ya msiba wa Baba uliyoniandikia kutoka jeshini ilinichekesha mahali pamoja, nikajichukia siku tatu.

Ami Mgeni alirudi juzi kutoka Chalinze. Amekaa Vigwaza siku tano na Ubena siku mbili akitafuta mbuzi. Nikamwuliza, "Ami, umewaona watu wa sinema?" Akasema, "Watu gani?" Nikamweleza mashine, gari, Wazungu. Akasema, "Mwanangu, Vigwaza akipita Mzungu na baiskeli watu wanazungumza wiki nzima. Hajapita mtu."

Nimemwambia Mama kwamba Ami Mgeni haoni vizuri siku hizi. Hakuamini.

Kama Majaliwa amepata mwanamke mwingine huko, niambie, nitalia nitamaliza. Kama yuko jela, niambie. Nikiwaza mwenyewe nawaza mabaya kuliko hayo. Mtoto anapiga teke nikiwa na hofu, nami naogopa hofu yenyewe itamtoa.

Nijibu upesi.

Mwanvita

* * *

Dar es Salaam
10 Machi 1952

Kwa dada yangu,

Shikamoo. Ami Mgeni alipita wakati wao walikwisha ondoka. Kutoka Ubena walikwenda mbele, Morogoro, na huenda wakaendelea. Hakuna mwanamke wala jela. Shemeji yuko mahali penye kitanda na chakula na watu wa kumwangalia. Naapa kwa hilo.

Nakuomba usije huku. Mvua zimeanza, Mto Mpiji umejaa, na basi la juzi lilikwama watu wakalala njiani. Katika hali yako usithubutu. Shemeji mwenyewe ndivyo alivyosema: "Mwambie akae. Ajifungue kwanza." Hayo ni maneno yake, sikuyatunga.

Picha imepelekwa nje kusafishwa. Wanasema itarudi Mei na itazungushwa na magari ya sinema nchi nzima. Bwana Mkubwa ameniahidi michezo mingine mitatu. Ningefurahi. Nalala saa mbili kwa usiku, na nikilala nasikia mashine inazunguka.

Mwambie Mama aniombee mimi pia.

Rehani

* * *

Bagamoyo
3 Mei 1952

Kwa mdogo wangu Rehani,

Marahaba. Nimejifungua. Tarehe 19 Aprili, Jumamosi asubuhi, mtoto wa kike, mzima, ana sauti kama muadhini. Mama kalia kutwa. Siku ya saba tumemwita Ashatu. Jina alipaswa kulitamka babake, akalitamka Ami Mgeni.

Sasa nimejifungua, kama ulivyotaka. Nasubiri.

Lakini na mimi nina habari. Limebandikwa tangazo sokoni: gari la sinema linakuja Jumatano tarehe 14, litasimama uwanja wa mpira, na picha ni Bwana Viatu. Skolastika kalisoma lote akaniletea habari nyumbani, jina lako limo kwa herufi kubwa. Mji mzima unasema, "Mwinyimvua kaacha mtoto." Mama anataka kununua kanga mpya.

Mimi nitakwenda na Ashatu, arobaini isubiri. Wewe hutaki kunionyesha mume wangu, basi gari la sinema litanionyesha. Nitamwona anatembea, nitasikia sauti yake, nitajua kama amekonda. Tangu Januari sijapata jambo la kungoja kwa furaha kama hili.

Mwanvita

* * *

Dar es Salaam
10 Mei 1952

Dada Mwanvita,

Usiende uwanjani. Nakuomba kwa haki ya maziwa tuliyonyonya, usiende na usimpeleke Mama. Nampa barua hii dereva wa basi mkononi, nimemwomba aifikishe Jumatatu. Mvua inanyesha na naogopa.

Majaliwa hakwenda Vigwaza. Hakwenda popote. Yuko hospitali hapa Dar es Salaam tangu tarehe 2 Februari. Yuko hai. Nimeandika neno hilo kwanza katika akili yangu kila siku, sasa naliandika kwako: yuko hai, anasema, anakula. Ila ameumia mgongo, na miguu haiendi. Daktari anasema haitakwenda tena.

Tulikuwa Kunduchi tunapiga picha ya Bwana Viatu anapanda mnazi kuwaonyesha wakwe. Kamba ya miguuni ilikatika, akaanguka. Ilikuwa ajali, kazi ya Mungu. Alipanda mara moja tu, kamba ikakatika.

Alipopata fahamu siku ya nne, neno la kwanza lilikuwa, "Usimwambie mpaka ajifungue." Nikalishika hilo neno. Nilikuwa naogopa kukuua wewe na mtoto kwa barua.

Na kuna jambo jingine, ndiyo sababu nasema usiende. Mashine ilikuwa inazunguka alipoanguka. Bwana Mkubwa alitazama picha ile akasema mwisho umepatikana. Wameiacha ndani.

Usiende, dada.

Rehani

* * *

Bagamoyo
17 Mei 1952

Rehani,

Barua yako imefika jana Ijumaa. Dereva alikaa siku tano upande wa pili wa Mpiji. Sisi tulikwenda Jumatano.

Nitakueleza tulivyokaa, ili ujue. Tulikaa mbele kwenye mkeka, Mama kulia kwangu na kanga yake mpya, Skolastika kushoto, Ashatu mapajani. Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda ukutani. Lilipotokea jina lako Skolastika alilisoma kwa sauti, Mama akajifunika uso kwa haya na furaha. Kisha akatokea Majaliwa, mkubwa kuliko nyumba. Nikamwambia mtoto sikioni, "Yule baba yako." Hakukonda. Alikuwa anatembea kwa ile mikogo yake na viatu vile, na watu walikuwa hoi kabla hajafungua mdomo. Nami nilitulia. Kwa miezi minne kifua changu kilikuwa kimefungwa, kikafunguka.

Akaupanda mnazi. Akafika juu, akawapungia wakwe. Akaanguka.

Nilicheka, Rehani. Mama alicheka mpaka machozi. Watu walipiga kelele irudiwe, na yule mwenye mashine akairudisha nyuma, akaionyesha tena, nikacheka mara ya pili, zaidi kuliko ya kwanza. Maana alianguka na mara akainuka, kakung'uta kanzu, kakimbia kuelekea pwani na wakwe nyuma yake. Nikasema, huyo Majaliwa, ameanguka kama paka. Nilirudi nyumbani nimechangamka. Nililala usingizi wa kwanza tangu mwaka uanze.

Siku mbili baadaye ikaja barua yako.

Mama hajui bado. Nimekaa nayo chumbani usiku na mchana, nimemwambia tumbo linauma. Na katika kukaa huko ile picha imekuwa ikirudi machoni, polepole, bila kicheko, nami naiona sawasawa sasa.

Majaliwa amekuwa mkwezi tangu ana miaka kumi na miwili. Amepanda minazi yote ya Kaole na hajateleza. Kamba yake aliisuka mwenyewe, na kila mwezi aliivuta mlangoni kuipima. Uliponiambia imekatika nilikataa kabla sijajua kwa nini nakataa. Sasa najua. Alipanda pekupeku, Rehani. Wakati anapanda, nyayo zake zilikuwa wazi na kamba imo miguuni. Alipoanguka alikuwa na viatu. Juu ya mnazi hakuna duka. Viatu alivivalia wapi?

Na yule aliyeinuka akakimbia, alitupa mgongo tu. Majaliwa hakimbii vile. Alikuwa nani?

Umenidanganya mara tatu kwa barua, na mara ya nne kwa picha mbele ya mji mzima. Niambie sasa.

Mwanvita

* * *

Dar es Salaam
21 Mei 1952

Dada Mwanvita,

Shikamoo, ingawa najua huenda huitaki.

Nitaandika yote.

Majaliwa alipanda mara mbili. Mara ya kwanza alipanda pekupeku kama anavyopanda siku zote, akaangua dafu, akashuka, watu wote wa kampuni wakapiga makofi. Picha ilikuwa safi. Bwana Mkubwa akasema, "Nzuri, lakini haichekeshi. Yule anapanda kama mtu anayejua." Kisha akatazama mawingu, akatazama saa, akaniangalia mimi. Hakusema zaidi. Mimi ndiye niliyesema.

Nilimwambia Majaliwa, "Shemeji, rudi tena, safari hii na viatu."

Akasema, "Kwa viatu sipandi, Rehani. Viatu havina macho."

Nikamwambia, "Mara moja tu. Kufika juu upunge mkono, basi."

Akasema, "Na kamba je?"

Nikamwambia kamba haikai juu ya viatu, aiache chini. Dada, mimi ndiye niliyeipokea kamba ile mkononi. Haikukatika. Ninayo hapa mezani.

Alinitazama. Nafikiri aliona ninavyoogopa. Ningeweza kumwambia acha, na nafasi ilikuwepo, maana alikaa chini kufunga gidamu za viatu polepole kama mtu anayengoja aambiwe acha. Sikusema. Nilisema, "Mashine, anza." Akafika juu, akageuka kupunga, na viatu vikateleza. Walipounga picha walitia kupanda kwa mara ya kwanza na anguko la mara ya pili.

Tulipomchukua alikuwa haongei. Gari likaenda naye hospitali. Mimi nilitaka kwenda, Bwana Mkubwa akasema jua limebaki saa moja na kesho mvua. Akasema bila mtu kuinuka, picha hii ni ya msiba, haionyeshwi. Akiinuka, ni mchezo. Nikavua shati. Nikavaa kanzu ya Majaliwa waliyomvua kabla ya kumpakia garini, bado ilikuwa na joto lake, na viatu vyake. Nikalala pale chini ya mnazi mahali alipolala yeye. Nikainuka, nikakung'uta kanzu, nikakimbia.

Uliyemwona ni mimi.

Kisha kampuni ikaandika karatasi kwamba Majaliwa alipanda kwa hiari yake, na ikataka shahidi. Nikatia saini.

Kwa miezi minne nimekwenda hospitali kila Jumapili. Sijamwambia kuhusu picha. Anajua alianguka, hajui kwamba watu wanamwangalia anaanguka. Sasa nasikia inaombwa Pangani na Tanga. Kila linapotoka gari la sinema nageuza njia. Bwana Mkubwa amenipa mchezo mwingine. Jumatatu niliposimama mbele ya watu niseme "anza", sauti haikutoka. Wakadhani nafanya mzaha, wakacheka.

Ukija huku, mimi sitakuwepo hospitali. Siwezi kusimama mbele yako.

Rehani

* * *

Dar es Salaam
9 Juni 1952

Rehani,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali. Barua hii nampa yule mzee wa zamu langoni, anasema anakufahamu, ulikuwa ukimletea tumbaku kila Jumapili. Anasema tangu nimefika mimi hujaonekana, ila mara mbili amekuona ng'ambo ya barabara, chini ya ukuta.

Nimefika tarehe 27, na Ashatu mgongoni. Mama nilimwambia kabla ya kuondoka. Hakulia. Aliikunja ile kanga mpya akaiweka sandukuni, akasema hataivaa. Ramadhani imeingia, mimi sifungi kwa ajili ya kunyonyesha, lakini chakula hakipiti.

Siku ya kwanza Majaliwa alitunyooshea mikono. Alimchukua mtoto, akamlaza kifuani, akakaa anamtazama mpaka wauguzi wakaja kumwogesha. Siku ya pili nikamwambia yote. Nilikwisha choka na watu wanaomchagulia mwenzao la kujua. Nilimwambia juu ya picha, juu ya uwanja, juu ya kanzu yake uliyoivaa. Nilimwambia kwamba nilicheka.

 Kisha akauliza, "Walicheka wote?"

Nikasema, "Wote."

"Na Ami Mgeni?"

"Alianguka ukutani kwa kucheka."

Akageuza uso. Nilidhani analia, na huenda alikuwa analia, maana mabega yalitikisika. Lakini alipogeuka akasema, "Viatu vile vilikuwa vinanibana tangu asubuhi. Nilitaka kumwambia Rehani. Nikaona anaogopa sana yule Mzungu, nikamhurumia." Akaongeza, "Nilijua nitateleza, Mwanvita. Nilifikiri nitateleza kidogo tu."

Nikamwuliza kama anataka ile picha ikatwe. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe kwa Bwana Mkubwa, nitakaa mlangoni pake na mtoto. Akasema, "Miguu wamekwisha ichukua. Wakikata na kicheko, nitabaki na nini?" Mimi sikubaliani naye. Kila mtu atakayecheka Pangani namwona ananikanyaga. Lakini mwili ni wake, na anguko ni lake, nimenyamaza.

Ananiuliza habari zako kila siku. "Rehani anaogopa nini? Mimi ndiye niliyeanguka." Nakuandikia maneno yake kwa sababu kanituma. Yeye amekusamehe. Mimi sijakusamehe, wala sijui kama nitakusamehe, na sitaki ujidanganye kwa barua hii. Usiku nikifumba macho nakuona wewe umelala chini ya mnazi ule, unangoja mashine ianze.

Daktari ametuachia. Kesho saa nne asubuhi basi la Bagamoyo litasimama hapa mbele ya lango. Dereva amekubali kuondoa viti viwili tuweke godoro. Majaliwa hawezi kukunjwa wala kuinuliwa na mtu mmoja. Muuguzi amesema machela ishikwe pembe zote nne kwa pamoja, ikiinama upande atapata maumivu makali.

Wanatakiwa watu wanne. Nimepata watatu.

Mwanvita